Jogoo wa Kwenye Tangazo

"Na huyu jogoo je? Huyu jogoo ni wa nani?"

Mama Pacha alikuwa amesimama katikati ya ua, simu mkono mmoja, mkono wa pili kaunyoosha kuelekea kamba ya nguo.

"Semeni basi, mbona mmenyamaza? Shuka la njano, jogoo wa bluu, kiraka chekundu pembeni. Yupo hapa kwenye simu yangu, na yupo pale kwenye kamba anapigwa na jua. Au ana pacha?"

"Pacha si unao wewe!" kinyozi akadakia kutoka mlangoni kwake, mkasi mkononi, na watu wakacheka.

"Usinichekeshe, ndugu yangu, nina hasira. Mimi nina watoto wadogo. Sikilizeni niwasomee." Akaisogeza simu karibu na macho. "'Kunguni? Jirani yako ameshapona. Wewe je? Lala Salama, tunafika kimya kimya.' Na picha ndiyo hii, kitanda cha mtu tunayemjua sote. Leo siku ya nne napita na maneno haya rohoni. Sasa nimechoka kuyabeba."

Kubeba gani? Alikuwa ameyagawa toka Jumatano, mlango kwa mlango, kwa sauti ya chini. Hapakuwa na mtu uani ambaye hakuwa na mgao wake, isipokuwa mmoja aliyeshinda nje na kazi zake.

Kwenye kizingiti cha chumba cha nne alikaa mwanamume mnene mwenye kikombe cha chai, ambaye wote walimwita Redio. Jina lilimkaa. Habari yoyote ya ua ule, nani kaachika, nani kapata kazi, nani kanunua friji na anadai kapewa zawadi, ilipitia kwake kwanza, ikatiwa chumvi, ndipo ikasambazwa. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alikuwa kimya. Chai ilikuwa imemwagikia gotini na hakuifuta. Maneno aliyoyasoma Mama Pacha aliyajua vizuri, mpaka alama ya kuuliza. Aliyaandika yeye.

Ua wenyewe ulikuwa vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, sakafu ya saruji katikati, bomba moja la maji, na kamba moja ndefu ya nguo iliyofungwa ukutani huku na huku. Kwa kamba ile watu walijuana mpaka ndani. Ungeweza kumuuliza mtoto wa miaka sita, foronya hii ya nani, taulo lile la nani, akakujibu bila kufikiri. Na shuka la jogoo lilijulikana kuliko yote. Shangazi alilishona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, jogoo akamkata kwa mkasi bila kuchora, ndiyo maana mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila wote walimwita hivyo. Mume alishafariki, na yeye aliishi kwa kutunza watoto wa akina mama wanaokwenda kazini. Walikuwa watano, tangu alfajiri hadi jioni, kwenye mikeka miwili ya chumba chake cha mbele. Sasa alisimama kando ya ndoo yake, mikono ina povu, anasikiliza kitanda chake kikisomwa hadharani.

"Kitanda changu kilishatibiwa," akasema taratibu. "Miezi minne iliyopita. Njooni mkague. Mlango uko wazi."

"Mimi simchukii Shangazi, jamani," muuguzi akasema. Alikuwa amerudi kutoka kazini wakati ule ule, viatu vyeupe bado miguuni, na mtoto wake wa miaka mitatu kamshikilia sketi. "Mungu ananiona. Lakini wiki hii huyu ameamka na madoa mgongoni. Nifanye nini? Jumatatu nampeleka kwingine. Na wenzangu wanne wamesema hivyo hivyo."

Povu likakauka mikononi mwa Shangazi. Watano kutoa watano. Hata Redio, ambaye hesabu hazikuwa zake, aliipata hiyo.

"Kilitibiwa na nani?" Mama Pacha akauliza.

"Na fundi."

"Fundi gani? Ana jina?"

Shangazi akainua macho. Yakapita usoni kwa Redio, hayakutua, yakarudi kwenye ndoo.

"Fundi tu," akasema.

"Basi tumuulize mwenyewe! Namba si hii hapa? Nampigia sasa hivi, naweka sauti kubwa, tusikie wote amepuliza wapi na wapi." Na kidole cha Mama Pacha kikaanza kushuka kwenye kioo cha simu.

Simu ya Redio ilikuwa mfukoni mwa shati lake, imewashwa, mlio juu kabisa.

Labda ni vizuri kueleza alifikaje hapo.

Mwaka mmoja na nusu nyuma Redio alinunua kochi. Kubwa, la kitambaa cha kahawia, lililokwisha tumika, kutoka kwa watu waliokuwa wanahama. Alilipenda kwa sababu alipenda watu. Nyumba isiyo na wageni aliiona kama chungu kilichogeuzwa. Basi akaliweka mbele ya televisheni, na siku ya mechi walikaa wanane, wengine kwenye mikono ya kochi, wengine chini wameegemea miguu ya wenzao. Jioni alikuja Shangazi kusikiliza taarifa ya habari, pembe ya kushoto, kila siku pembe ile ile. Mama Pacha alikuja kunyonyesha mapacha huku anaing'ong'a nusu ya mtaa. Mwezi haukuisha, mke wa Redio akaanza kuamka na mistari ya vipele mkononi. Wakaligeuza kochi. Walichokiona kwenye mishono ya chini kilimfanya mkewe alie, na Redio afunge mlango kwa ufunguo.

Hakumwambia mtu. Aliwatangazia kwamba anapaka rangi ndani, wasije kwa wiki mbili. Akamtafuta mzee mmoja aliyekuwa akipuliza dawa kwenye nyumba za wageni, akamlipa amfundishe. Akajifunza kuchomoa chaga za kitanda moja moja, kupuliza kwenye mishono na kwenye matundu ya misumari, kuchemsha nguo zote, kufunga nyumba kwa saa nne, kurudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya mayai. Wakaisha. Na kwa kuwa ghala alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa limefungwa, akaona hii ndiyo riziki yake.

Shida ilikuwa wateja. Mtu akitaka fundi wa bomba atamuuliza jirani, kinyozi, muuza duka. Akitaka fundi wa kunguni, jirani ndiye mtu wa mwisho wa kumuuliza. Anajifungia chooni na simu yake, anaiuliza simu. Redio aliligundua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alifanya hivyo hivyo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Basi kama watu wanaiuliza simu, kazi yake ni kuwa wa kwanza kujibu. Akajifunza kununua matangazo yale yanayotokea juu kabisa mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Unachagua maneno. Mtu akiyaandika, tangazo lako linatokea. Akiligusa, unalipa.

Mwanzo alichekesha. Alinunua neno "dawa", akapigiwa na mama anayetaka ya kikohozi. Akanunua neno "kitanda", akapigiwa na bwana harusi mtarajiwa, wakaongea dakika arobaini kuhusu futi sita kwa sita, maana Redio hakuwa mtu wa kukata simu ya mtu mwenye furaha. Mwishowe akajua kuchuja. "Kunguni kwenye godoro." "Kuua kunguni nyumbani." Na akaufunga mduara, tangazo lionekane tu kwa walio karibu, pale anapoweza kufika kwa miguu akivuta sanduku.

Ndiyo, sanduku. Wateja walimpigia wakinong'ona. Walimwomba asije na nguo za kazi, aseme amekuja kutengeneza televisheni, aseme ni binamu. Basi pampu na dawa alizitia kwenye sanduku la safari lenye magurudumu, na mtaa mzima ukadhani Redio ana ndugu wengi sana wa kutembelea. Uani kwake alisema yuko kwenye mambo ya usafi wa maofisi. Nani angekuja tena kukaa kwenye kochi la mtu anayeshinda na kunguni?

Kisha Shangazi akaja. Alimvuta pembeni, macho chini. Wewe unajua watu wengi, mwanangu, humjui mtu wa kazi hii, ila asiwe wa maneno? Redio akamwambia ukweli nusu: mtu huyo ni mimi. Nusu ya pili, ile ya pembe ya kushoto ya kochi, akaimeza. Akafanya kazi bure, akaacha ashukuriwe. Akamwomba asimwambie mtu. Shangazi akasema sawa. Alipomaliza akapiga picha kitanda, safi, shuka limekunjuliwa nusu. "Ya kumbukumbu ya kazi tu," akasema. "Sura yangu isitokee," Shangazi akasema, na haikutokea.

Mwezi uliopita washindani wawili wakaanza kununua maneno yale yale. Simu zikapungua. Redio akakaa akafikiri, nini kinamgusa mtu? Na nani angejua kuliko yeye? Mtu huguswa na habari ya jirani. Akaandika "Jirani yako ameshapona". Akatafuta picha iliyo nzuri kuliko zote. Akakata dirisha, akakata ukuta, akakata kalenda. Akajiona mwangalifu kweli kweli. Jogoo hakumwona. Jogoo yule alikuwa mbele ya macho yake kila Jumamosi kwa miaka saba, kama bomba la maji, kama mlango wake mwenyewe.

Kidole cha Mama Pacha kilikuwa unywele mmoja juu ya namba.

"Hebu subiri!" Redio akasimama, kikombe kikaanguka. "Mama Pacha. Hilo tangazo umelipataje?"

"Limenijia tu. Nilikuwa naangalia mambo yangu, likanijia."

"Haliji tu."

"Lije lisije, jogoo si huyu?"

"Matangazo ya namna hiyo hayaji yenyewe," Redio akasema, na sauti yake ya kutangaza habari ikamrudia, tamu, nzito, sauti iliyowahi kutangaza talaka tatu. "Mpaka uyaite. Mpaka uandike mwenyewe, kwa kidole chako: kunguni. Asiyetafuta kunguni halioni. Sasa sisi wote hapa hatujaliona. Wewe umeliona. Ulikuwa unatafuta nini, mama?"

Kinyozi akapiga kofi pajani.

"Ala! Kumbe!"

Kicheko kikalipuka. Kikaanzia kwa kinyozi, kikazunguka mlango hadi mlango. Mtu akasema, ndiyo maana mapacha wanajikuna. Mwingine akasema, kumbe jogoo alikuwa anamwita kuku mwenzake. Mtoto mmoja, wala hakuambiwa na mtu, akaanza kuimba "Mama Kunguni, Mama Kunguni," na wenzake wakaitikia.

Mama Pacha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukutoa kitu. Shingo ikamshuka. Akawaokota mapacha, mmoja kila kwapa, akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Aliufunga polepole, na kufuli likasikika.

"Redio umemfunga bao la kichwa!" kinyozi akasema. "Lakini wewe umejuaje mambo hayo?"

"Husikika," Redio akasema. "Watu wanaongea."

Akatafuta uso wa Shangazi, akitegemea kuona hata shukrani kidogo. Shangazi alikuwa amempa mgongo, anakamua nguo. Na muuguzi, akipita na mtoto wake, akasema bila kumtazama mtu, "Basi ni nyumba mbili, si moja. Afadhali nimeamua mapema."

Ndipo Redio alipoelewa kwamba hakumwokoa mtu yeyote ila mfuko wa shati lake.

Mkewe alikuwa ndani, anachambua mchele kwenye sinia. Alikuwa amesikia yote. Kuta za pale zilikuwa nyembamba. Hakuinua kichwa.

"Umemvua nguo mwenzako ili wewe ubaki umevaa," akasema.

"Angepiga simu ingelia."

"Ingelia, ndiyo. Ungeipokea."

Redio akakaa juu ya ndoo, si kwenye kochi. Akafungua mahali pa matangazo kwenye simu aitoe ile picha. Kuitoa kulichukua muda wa kupiga chafya. Lakini pale pale palikuwa na orodha ya maneno waliyoyaandika watu wiki ile kabla ya kugusa tangazo lake, bila majina, maneno matupu. Orodha hiyo aliizoea. Kila asubuhi aliisoma akifurahi, kama mtu anayehesabu mayai. Sasa akaisoma polepole. "Kunguni dawa ya haraka." "Kunguni wanauma watoto." Na chini yake, Jumanne, mara tatu, mtu karudia yale yale:

"Kuondoa kunguni majirani wasijue."

Haikuandikwa ni nani. Haikuhitajika. Aliona tu choo cha mwisho uani, mlango umefungwa, mama mwenye watoto wawili mapajani, kidole kimoja kikiandika. Jumanne alikuwa anaomba siri. Jumatano, kwa hofu, akaanza kuwaonyesha watu jogoo wa mwenzake, ili macho yaangalie kule yasiangalie kwake. Redio alimfahamu kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kufanya hivyo hivyo nusu saa iliyopita, na watu wakampigia makofi.

Uso ukamwaka moto hadi masikioni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, na alitamani kuingia chini ya sinia la mchele.

"Nenda kwa Shangazi," mkewe akasema.

"Nitamwambia nini?"

"Wewe, siku hizi unakosa maneno?"

Chumba cha Shangazi kilikuwa kimefagiwa. Mikeka miwili ilikuwa imeviringishwa na kusimamishwa kwenye kona, na vikombe vitano vya plastiki vimepangwa juu ya kabati, kila kimoja na rangi yake. Redio akasimama mlangoni.

"Ile picha, Shangazi..."

"Naijua."

"Ni mimi niliyeiweka."

"Nilijua toka Jumatano. Kitanda nakilalia mimi, nisikijue?" Akamwonyesha kigoda. Redio hakukaa. "Aliyeingia na simu chumbani kwangu ni mmoja tu."

"Sasa mbona hukusema? Pale walipokuuliza fundi gani. Ungenitaja yangeisha."

Shangazi akamtazama kama anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Si uliniomba nisiseme? Nikasema sawa. Sasa watu wakipiga kelele ndiyo sawa yangu iishe?"

Redio akaangalia vikombe. Cha njano kilikuwa cha mtoto wa muuguzi.

"Ila lile la Mama Pacha," Shangazi akaendelea, "usinihesabie mimi. Sikukutuma. Mimi nilisemwa shuka. Yeye ameimbiwa na watoto."

"Kuna lingine," Redio akasema. "Wale kunguni wako. Unakumbuka unakaa wapi ukija kwenye taarifa ya habari?"

Shangazi akashika kikombe kimoja, akakirudisha juu ya kabati.

"Pembe ya kushoto," akasema.

"Pembe ya kushoto."

"Na nilikuletea mayai, kukushukuru."

"Uliniletea mayai."

Hakumtukana. Laiti angemtukana. Akasimama tu, akatoka kwenda kuanua shuka lake, na kutoka mlangoni Redio akaona kitu ambacho asubuhi hakukiona. Kamba nzima ilijaa nguo za watu, zimebanana bega kwa bega, isipokuwa kulia na kushoto kwa jogoo. Pale paliachwa mikono miwili huku na mikono miwili kule. Hakuna aliyetaka nguo yake iguse.

Saa kumi ilikuwa mechi, na watu hawakukosa. Wakaja kwa kelele zao, kinyozi mbele, mume wa muuguzi, muuza duka wa nje, na muuguzi mwenyewe akisema hatakaa, anachungulia tu, kisha akakaa. Kochi likajaa. Wakamsifu Redio. Mmoja akaigiza Mama Pacha alivyofungua mdomo, wengine wakashika mbavu. Redio alisimama kando ya televisheni, akiwatazama walivyobanana kwenye kitambaa cha kahawia, na akajua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Akazima televisheni.

"We! Umeme?" kinyozi akapiga kelele.

"Si umeme. Ni mimi."

Akalivuta sanduku la safari toka nyuma ya pazia, magurudumu yakakwaruza saruji. Akalifungua. Akatoa pampu, glovu, na ovaroli ya kijivu iliyoandikwa mgongoni kwa uzi mweupe aliodarizi mkewe: Lala Salama.

"Namba ile aliyotaka kupiga Mama Pacha," akasema, "ingelia hapa." Akajigusa mfuko wa shati. "Tangazo ni langu. Picha niliiba mimi. Shangazi sikumwomba. Alinifichia siri, na mimi nikakaa pale nanywa chai nikimwangalia anasulubiwa."

Sauti ya kutangaza habari haikuwapo. Ilikuwa sauti nyingine, nyembamba, hata mkewe aliyesimama mlangoni hakuijua.

"Na kuna la pili. Kunguni wa ua huu hawakutoka kwa Shangazi, wala kwa Mama Pacha. Walianzia kwangu. Niliwaleta mimi bila kujua. Niliwamaliza humu ndani, lakini walikuwa wameshatoka, na mimi nilijua walitokea wapi, nikanyamaza. Walianzia kwenye hilo kochi mlilokalia."

Watu wanane waliinuka kwa mpigo mmoja, kama wamechomwa sindano. Muuza duka aliruka juu ya mguu wa mume wa muuguzi. Kinyozi alijipapasa makalio kwa mikono yote miwili. "Mwaka mzima!" akasema. "Redio! Mwaka mzima nakaa hapa!"

"Mwaka na nusu."

"Na lile la kupaka rangi?"

"Sikupaka rangi."

Hakuna aliyecheka. Wakatoka mmoja mmoja, wakipita upande wa mbali wa mlango wasimguse. Muuguzi alikuwa wa mwisho. "Madoa ya mwanangu," akasema, "nami nikayaweka shingoni kwa Shangazi." Haikujulikana kama anamwambia Redio au anajiambia mwenyewe. Sebule ikabaki tupu, mara ya kwanza siku ya mechi, na kupitia ukutani wakasikia goli likishangiliwa kwenye redio ya mtu mwingine.

Jumapili asubuhi, kweupe kabisa, watu wakipiga mswaki bombani, Redio alitoka amevaa ovaroli. Hakuvuta sanduku, alibeba pampu mgongoni kama ilivyopaswa kubebwa. Akavuka ua, huku miswaki ikisimama midomoni, akabisha hodi kwa Mama Pacha.

Mlango ukafunguka upana wa uso.

"Umekuja kucheka vizuri?"

"Nimekuja kufanya kazi. Bure. Na kukuomba radhi."

"Jana hukusema radhi. Jana ulisema 'ulikuwa unatafuta nini, mama'."

"Nilisema. Nilijua unatafuta nini, ndiyo maana nikasema. Lilikuwa jambo baya kuliko picha."

Mama Pacha akamtazama toka ovaroli hadi buti. Macho yalikuwa yamevimba. "Nimeambiwa ulisema ya kochi. Mimi sikuwepo. Sema."

"Kunguni walianzia kwenye kochi langu."

"Sauti. Jana ulikuwa na sauti."

Redio akavuta pumzi. Nyuma yake mtu alifunga bomba ili asikie vizuri.

"Kunguni walianzia kwenye kochi langu!"

"Watoto nao wasikie."

"Kochi langu!" Redio akapiga kelele, jasho likimtoka, na mahali fulani mtoto akaanza kuimba "Baba Kunguni, Baba Kunguni," na hakuna aliyemnyamazisha.

Mama Pacha akafungua mlango wote.

Alifanya kazi hadi mchana. Akachomoa chaga, akapuliza mishono, akatoa godoro nje juani, mbele ya macho ya kila mtu, na Mama Pacha akasimama kando yake mikono kiunoni, akimtazama usoni yeyote aliyepita mpaka mpitaji aangalie chini. Kinyozi akaja kutoka kwake, hasemi, akashika upande wa pili wa godoro. Alipomaliza kuliweka akasema tu, "Na kwangu lini?" "Kesho," Redio akajibu.

Kisha mlango ukafungwa, dawa ifanye kazi kwa saa nne. Mama Pacha akabaki kwenye kivuli cha ukuta, mapacha wameanza kulia njaa, sufuria zake zote zimefungiwa ndani. Harufu ya chakula ilitoka chumba kimoja. Mlangoni pale, juu ya saruji iliyofagiwa, palikuwa na viatu vidogo vya mtoto wa muuguzi, kimoja kimelala ubavu.

"Mama Pacha!" Shangazi akaita kutoka ndani. "Utawaweka hao juani mpaka wakauke? Walete wale."

Mama Pacha akasita. Akapiga hatua mbili, akasimama. "Shangazi, mimi Jumatano nilisema maneno..."

"Yalinifikia siku ile ile. Ingia, wali unapoa."

Akaingia, kichwa kimeinama, mapacha mbele. Redio akapakia vitu vyake. Akapanga kwenda nyuma ya choo kuosha pampu, halafu nyumbani kwa kufuata ukuta, asikatize mbele ya mlango ule. Alikuwa ameshaliinua tangi begani aliposikia sauti ya Mama Pacha, ya ukali, ile yake ya siku zote.

"Na huyo mwenye pampu anakula wapi?"

Kijiko kikagonga sufuria.

"Nina dawa mwilini," Redio akasema kabla hajajibiwa. "Nitakula kwangu. Msijali."

Pazia likasogea. Shangazi alisimama na birika la maji mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Miaka saba alikuwa akimwita Redio kama wote.

"Fundi," akasema. "Vua hiyo ovaroli yako, nawa mikono, uje ule."